Mwendo wa Nuru na Bilioni ya Mpakani: Uhakiki wa Majina ya Vipimo

Wapo walimu wanaodhani kwamba kugeuza kipimo kimoja cha urefu kuwa kingine ni kazi ya mwalimu wa hisabati peke yake, na kwamba sisi wa lugha hatuna letu pale. Twaona sivyo. Mara nyingi hesabu huwa imekwisha kuharibika kabla mwanafunzi hajashika kalamu, kwa sababu jina alilopewa limempeleka kusiko. Hapa twakusudia kuhakiki majina matatu yatumiwayo katika Kiswahili kwa vitu vilivyo vikubwa mno na vilivyo vidogo mno: mwaka wa nuru, chembe, na bilioni.

Kiswahili si mgeni wa vipimo. Shubiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, dhiraa nne ni pima. Na mwili wa mtu ndio uliokuwa rula. Kwa njia ndefu wazee walisema "mwendo wa siku tatu", na msikilizaji hakudanganyika akadhani kwamba anatajiwa muda tu, maana neno mwendo lilitangulia likailinda maana.

Sasa tulitazame jina la kwanza. "Mwaka wa nuru", au "mwakanuru" kama wengine waandikavyo, ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya. Mfasiri amechukua mwaka, amechukua nuru, na mwendo ameuacha njiani. Mwanafunzi aambiwapo kwamba nyota ya Proxima Centauri iko umbali wa miaka 4.24 ya nuru, aghalabu husikia umri badala ya umbali. Ilhali nuru husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde moja, na kwa mwaka mmoja hukata mita 9.46 × 10¹⁵. Tukisema "mwendo wa mwaka wa nuru", kosa hilo halina pa kuingilia. Atakayelalamika kwamba jina limerefuka, tutamjibu kwamba katika majedwali jina fupi linafaa. Lakini mara ya kwanza darasani lisemwe kwa ukamilifu wake.

Jina la pili lina ila ya namna nyingine. Tuna chembe ya mchanga, chembe ya mtama, na chembe zilizomo ndani ya atomi. Atomi ina upana wa kiasi cha mita 10⁻¹⁰. Protoni, iliyomo katika kiini chake, ina nusukipenyo cha femtomita 0.84 hivi, na femtomita moja ni mita 10⁻¹⁵. Kutoka atomi hadi protoni, basi, urefu umepungua mara makumi ya maelfu. Na neno chembe limevuka pengo hilo lote bila kulitaja. Hatusemi litupwe, maana ni neno zuri la jumla. Twasema tu kwamba panapohitajika kipimo, yafaa kitu kitajwe kwa jina lake: atomi, kiini, protoni.

Jina la tatu ndilo la hatari kubwa zaidi, hasa kwetu Burundi. Mji wa Muyinga uko karibu na mpaka wa Kobero, na Kiswahili cha Tanzania huingia kwa njia hiyo pamoja na bidhaa. Katika Kiswahili hicho, bilioni moja ni milioni elfu moja. Lakini mwanafunzi wa Gitega asomaye sayansi kwa Kifaransa hukuta mambo mengine: milioni elfu huitwa milliard, na billion ya Kifaransa ni milioni milioni. Ufaransa iliuthibitisha utaratibu huo kwa amri ya serikali mwaka 1961. Hata serikali ya Uingereza ilianza kutumia ile bilioni ndogo katika takwimu zake mwaka 1974 tu, kwa hiyo vitabu vya Kiingereza vya kabla ya hapo vyataka kusomwa kwa hadhari.

Matokeo yake ni nini? Umbali wa Proxima Centauri ni kilomita 40 × 10¹² hivi. Kwa Kifaransa cha kitabuni hizo ni 40 billions. Kwa Kiswahili ni trilioni 40. Mwanafunzi akiandika "bilioni 40", kwa kuwa maneno hayo yafanana masikioni, ameisogeza nyota karibu mara elfu moja. Nuru ambayo husafiri miaka minne na zaidi, sasa yatufikia kwa saa 37. Hakujumlisha vibaya wala hakugawanya vibaya. Alitafsiri vibaya, na somo la tafsiri ni letu.

Dawa ipo. Kwanza, namba iandikwe kwa vipeo vya kumi kabla ya kupewa jina. Pili, kila safari ipite kwenye mita. Tuchukue umbali wa kwetu: kutoka Gitega hadi Muyinga, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 80 hivi, yaani mita 8 × 10⁴. Tukizidisha kwa 10¹⁵ twapata femtomita 8 × 10¹⁹. Tukigawanya kwa 9.46 × 10¹⁵ twapata 8.5 × 10⁻¹² ya mwendo wa mwaka wa nuru. Hapo mwanafunzi ataona jambo la ajabu: mita moja ina femtomita 10¹⁵, na mwendo wa mwaka wa nuru una mita karibu 10¹⁶. Kipimo chetu cha dukani kimekaa takriban katikati ya vipimo hivyo viwili.

Hata hivyo, vipeo huandikwa tu; mwanafunzi akisimama kusoma jibu lake kwa sauti, hana budi kurudi kwenye maneno. Ndipo mwalimu wa Kiswahili atakapomwuliza: bilioni hii ni ya kitabu gani? Swali hilo laweza kuulizwa Muyinga na Gitega kuanzia somo lijalo, bila kungoja kamusi mpya.