Pongezi kwa Makarani wa IEBC
Mkenya anayehama Kisumu kwenda Mombasa hubeba godoro, sufuria na watoto. Kura yake hubaki nyuma mpaka karani wa tume ya uchaguzi, IEBC, aihamishe. Kazi hiyo naienzi sana. Karani hukagua kitambulisho na kushughulikia ombi ili jina liondoke kituo cha zamani, liingie kipya, wala lisisomeke mara mbili. Pasipo kazi hiyo, karatasi tano kati ya sita za uchaguzi mkuu, kuanzia gavana hadi mwakilishi wadi, zingekuwa za viongozi wa kaunti aliyokwisha kuiaga. Hongereni sana, hasa mnaofikisha mashine za usajili hadi vijijini. Nawe uliyehama, nenda mapema: sheria inataka ombi siku 90 au zaidi kabla ya uchaguzi.