Kiwanja cha Chuo na Haki ya Mtazamaji

Mpira wa kikapu ulizaliwa chuoni. Mwaka 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, wanafunzi wake wapate mchezo wakati wa baridi. Sisi wa bonde la Kilombero hatukimbii baridi. Tuna jua na masika. Basi kiwanja chetu na kipimwe kwa hali yetu.

Tumetazama michezo mingi katika chuo kimoja hapa Ifakara. Sakafu ni mita 28 kwa 15, na pete iko juu mita 3.05, kama ilivyo kanuni ya kimataifa. Mchezaji ametendewa haki. Mtazamaji je? Kivuli ni cha mwembe mmoja tu, nao umeota nyuma ya goli, ambako ubao huificha pete. Atakaye kivuli haoni mpira ukiingia. Atakaye kuona huunguzwa na jua.

Hata hivyo, udogo wa kiwanja hiki ndio uzuri wake. Twasikia pumzi za wachezaji, na mama muuza maandazi huwaita kwa majina yao. Uwanja mkubwa hauwezi kutupa tunu hiyo.

Sasa latajwa shauri la kukizungushia ukuta. Twalipinga. Ukuta utawatenga wenyeji na vijana wao. Fedha hizo zichonge mabenchi, zichimbe mfereji wa maji ya masika, na miembe ipandwe magharibi, litokako jua la alasiri. Utamaduni wa taifa haukui penye mlango uliofungwa; mchezo usio na watazamaji ni mazoezi tu.