Kuchapa si Viboko Tu: Maoni Kuhusu Ziara ya Darasa la Tano

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi kutazama sanaa hana budi kuamua mapema watatumia maneno gani mbele ya kazi hizo. Jambo hili halikuamuliwa katika ziara ya shule moja ya msingi ya hapa Kampala, ambayo tuliombwa kuandamana nayo ili tuitathmini. Kulikuwa na maonyesho ya picha zilizochapwa kwa mbao, kisha warsha ya uchapaji kwa watoto.

Maonyesho yalitupendeza. Picha nyingi zilitengenezwa kwa mbinu ya kupunguza ubao, inayofahamika Uganda kupitia kazi za Fred Mutebi. Msanii huchonga ubao, akachapa rangi hafifu kwenye karatasi zote. Huuchonga tena ubao uleule, akachapa rangi iliyokoza juu ya ile ya awali. Huendelea hivyo mpaka karibu ubao wote umeliwa na patasi. Hakuna kurudi nyuma. Akianza na karatasi ishirini, hawezi kamwe kupata ya ishirini na moja.

Ndiyo maana tulisikitika kuona vibandiko vya Kiswahili vikiita kila picha "nakala". Nakala hutolewa kwenye kitu kilichotangulia, na hapa hakuna picha iliyotangulia. Zote ishirini ni halisi. Neno lilikuwepo: chapa. Kupiga chapa ni usemi wa zamani, na Tanzania ina Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Mtoto mmoja alimwuliza mwalimu wake "picha yenyewe" imewekwa wapi. Swali zuri sana. Aliambiwa asogee, wenzake wanangoja.

Kwenye warsha, fundi alipotangaza, "Sasa tutachapa!", watoto kadhaa walirudi nyuma. (Sheria ya mwaka 2016 imepiga marufuku viboko shuleni, lakini msamiati hauondoki kwa sheria.) Walipoona wino na rola wakacheka wenyewe. Chapa, chapwa, chapisha, mchapaji, uchapaji: somo zima la mnyambuliko lilikuwa mezani, wala halikuguswa.

Lawama yetu kubwa, hata hivyo, ni kwamba mbao zilikuwa zimekwisha kuchongwa. Watoto walipaka wino, wakalaza karatasi, wakasugua kwa mgongo wa kijiko, wakapewa picha iliyobuniwa na mtu mwingine. Tunaelewa hofu ya kuwapa visu watoto wa miaka kumi. Lakini kipande cha povu gumu la kufungashia vyakula huchorwa kwa penseli, na penseli haimkati mtu.

Msichana mmoja aliokota kipande cha namna hiyo, akaandika jina lake, akalichapa. Likatoka kinyume. Alilitazama kwa muda, akaigeuza karatasi, akaiinua dirishani na kulisoma kwa nyuma. Kisha akatafuta kipande kingine, akaanza kuandika kutoka kulia. Hakuna mtu mzima aliyemwelekeza, na kwa maoni yetu hakuna aliyejifunza uchapaji siku ile kumzidi yeye. Dereva wa basi alipiga honi kabla hajapaka wino mara ya pili.

Shule hiyo inakusudia kurudi muhula ujao. Tumewaomba waandaaji wavirekebishe vibandiko kabla ya siku hiyo, na kila mtoto apewe povu na penseli yake.