Juu ya "Hatima" na "Chaguo" katika Biashara ya Mikataba

Siku hizi yameenea maandishi ya Kiswahili yenye nia ya kumwongoza mtu anayeanza kushiriki biashara ya mikataba ya bidhaa katika masoko ya nje. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, istilahi zake mbili kuu, "hatima" na "chaguo", hazina budi kuhojiwa.

Hatima, kwa ajuaye Kiswahili, ni mwisho wa jambo, au yale aliyoandikiwa mtu na Mungu. Mkulima wa arabika wa milima ya Umatengo akisikia kwamba New York kuna "soko la hatima", ataelewa nini? Kinachouzwa huko ni ahadi yenye vipimo: ratili 37,500 za kahawa, yaani kama kilo 17,000, za ubora uliowekwa, kwa mwezi uliotajwa, kwa bei inayokatwa leo. Thamani yote hailipwi papo hapo. Kila upande huweka dhamana, na faida au hasara huhesabiwa kila siku. Wengi hujitoa kabla gunia lolote halijasafiri. Bei hiyo ndiyo huangaliwa na wanunuzi wa arabika mnadani, hivyo mkulima wa Mbinga hupata au hukosa kwa jambo ambalo lugha yake haijampa jina linaloeleweka.

Mbinga, kwa kweli, wana neno lao: magoma. Ndiyo butura ya Kagera, yaani kahawa kuuzwa ingali mtini. Ni neno tamu na lenye mizizi, nami nilivutwa nalo kwa muda. Lakini mwenye magoma hupokea fedha leo kwa kuwa ana shida leo, na mwenye fedha ndiye apangaye bei. Viongozi wa Serikali wameyapiga vita kwa sababu hiyo. Tukiuita mkataba wa New York magoma, tutakuwa tumeyavisha magoma joho asilostahili. Heri "mkataba wa muhula", kwa kuwa muhula ni kipindi kilichowekwa cha kutimiza jambo.

"Chaguo" lina kasoro kubwa zaidi. Tuseme mtu wa Mbamba Bay anautamani mtumbwi. Anamwachia mwenye mtumbwi fedha kidogo ili asiuuze kwa mwingine hadi mwisho wa mwezi, na bei isipande. Akirudi, ananunua, asiporudi, fedha ile imepotea, wala hadaiwi zaidi. Fedha hiyo Kiswahili kinaiita arbuni tangu zamani, na haki aliyoinunua ni hiari: hiari ya kununua, na kwa upande wa pili, hiari ya kuuza. Chaguo ni kile kilichochaguliwa. Hakisemi kwamba mwenyewe amelipia haki ya kukataa.

Lililonisikitisha zaidi ni kuona arbuni na dhamana zikiitwa "amana" katika ukurasa mmoja. Anayenunua hiari hupoteza arbuni yake, basi. Aliyeingia mkataba wa muhula aweza kudaiwa zaidi ya dhamana aliyoweka, bei ikimgeukia. Anayeanza, aliyefundishwa kwamba zote ni amana, ataijua tofauti siku ya kudaiwa.

Yupo atakayesema kwamba arbuni inasikika karibu mno na kurubuni. Ni kweli, na pingamizi hilo lafaa lijadiliwe kabla ya kusanifisha.