Futa, Chora Upya: Uhakiki wa Namna Tunavyofundishwa Kuchora Ramani

Katika mafunzo ya siku moja ya kuchora ramani ya OpenStreetMap, sisi wanafunzi wageni tulipewa kanuni nyepesi: ukikuta jengo limechorwa vibaya, lifute, kisha ulichore upya kwa kufuata picha ya setilaiti. Niliitii. Nilikuta kituo cha afya cha kijiji kimoja cha magharibi mwa Uganda kimechorwa upande, nikakifuta, nikachora mstatili safi. Baada ya siku chache mkaazi wa kijiji hicho aliuliza kwa upole: jina la kituo limekwenda wapi? Alikuwa ameliandika mwenyewe, pamoja na jina la zamani ambalo wazee bado wanalitumia. Makala haya yanahakiki kanuni ile. Ninadai kwamba inampa mgeni wepesi wa saa moja na kumnyima mwenyeji sauti yake.

OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, hukipa kila kitu ramanini namba ya utambulisho na namba ya toleo. Jengo likiongezewa jina, toleo la 1 hufuatwa na la 2, na kila toleo huonyesha nani alibadilisha nini na lini. Likifutwa na kuchorwa jingine, hilo jipya huanza toleo la 1 kwa utambulisho mpya. Wanaosema kwamba historia imepotea hutia chumvi: matoleo ya zamani bado yamo katika hifadhidata. Kilichokatika ni uzi unaoyaunganisha na jengo jipya. Anayebofya jengo langu huona jina langu peke yake, kana kwamba nilikuwa wa kwanza kufika.

Sisi wa fasihi tunapaswa kulielewa hili upesi. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yametufikia kupitia watu tunaowajua: Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya, kisha Hichens akayachapisha mwaka 1940. Tukiukata mnyororo huo, hatuwezi tena kuuliza neno fulani liliingizwa na nani.

Hata hivyo, watetezi wa kanuni hii wana hoja. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, wachangiaji wa mbali walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa haraka, na ramani hiyo iliwafaa waokoaji. Mgeni akitishwa kwa masharti mengi, ataondoka. Aidha, jengo likibomolewa na kujengwa jingine, kufuta ni haki. Nayakubali yote hayo. Lakini Haiti ilihusu mitaa ambayo mingi haikuwamo ramanini kabisa. Kijiji chetu kilikuwa kimekwisha kusemewa na mwenyewe.

Mbona basi tusifundishwe kusogeza pembe? Kuburuta nukta nne za jengo hadi zikae mahali pake hakuchukui muda zaidi, na jina hubaki. Kwa umbo lililoharibika mno, programu ya JOSM, kupitia kiongezi cha utilsplugin2, ina amri ya kubadilisha umbo huku utambulisho ukibaki uleule. Njia hii nayo ina kasoro: nukta zikisogezwa tu, toleo la jengo lenyewe halipandi, kwa hiyo mchunguzi hana budi kuangalia historia ya nukta pia. Lakini kasoro hiyo ni ndogo kuliko kukata uzi wote.

Lawama, kwa hiyo, haimwangukii mgeni. Inaanza kwenye kipimo. Mafunzo yetu yalihesabu majengo yaliyochorwa. Hakuna aliyehesabu majina yaliyobaki. Penye kipimo cha namna hiyo, kufuta huonekana bidii.

Jina la kituo nimelirudisha. Sasa linasomeka ramanini, lakini chini ya akaunti yangu. Aliyeliandika kwanza yumo katika toleo ambalo ni wachache watakaolitafuta.