Linachemsha Lini?

Gari la zamani likianza kuchemsha, gereji nyingi huanzia mahali pamoja. Fundi anaitoa thamostati, anarudisha kifuniko bila kitu ndani, na mwenye gari anaambiwa kifaa kile ni cha nchi za baridi. Tuchukue Toyota Corolla 110 ya injini ya 5A, ambayo bado iko tele barabarani. Utaratibu huo wa kutoa thamostati unaanza na jibu kabla ya swali. Kabla ya spana kushikwa, inatakiwa kujulikana gari linachemsha wakati gani, kwa kuwa wakati ndio unaoonyesha joto linakwama wapi.

Joto hutoka kwenye chuma likaingia kwenye maji, pampu ikayasukuma maji hadi kwenye rejeta, na hewa ikalibeba. Kwenye foleni ya Mbagala hewa haiji yenyewe, inavutwa na feni. Kwa hiyo gari likichemsha kwenye foleni na mshale ukarudi chini mara barabara inapofunguka, wa kushukiwa kwanza ni feni na umeme wake. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zinamrahisishia fundi kazi hapa: injini ikiwa ya baridi, ufunguo ukiwa umewashwa bila kupiga stata, chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni. Feni inatakiwa izunguke. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni vizima, na shaka inahamia kwenye ile swichi. Isipozunguka, tatizo liko kwenye umeme au mota, na hakuna sababu ya kumwaga maji hata kikombe kimoja.

Gari linalotulia mjini lakini likachemsha kwenye barabara kuu, au likipanda Kitonga na mzigo, linasimulia habari nyingine. Hapo joto linalozalishwa ni kubwa kuliko maji na rejeta vinavyoweza kuliondoa. Bloku ya 5A ni ya chuma cha kusubu na hedi yake ni ya aluminiamu. Ukiijaza maji ya kisima miaka kumi bila kulanti, kutu na chumvi vinajikusanya kwenye vijibomba vya rejeta. Injini ikishapata moto, izime, chomoa waya wa feni (nyingine huwaka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa), kisha sogeza kiganja karibu na uso wa rejeta. Pale panapobaki baridi ndipo palipoziba. Tazama pia mpira wa chini injini inapopigwa resi: ukinywea, pampu inavuta na maji hayafiki.

Sasa turudi kwenye thamostati, maana watetezi wa kuitoa wana hoja yenye uzito: mara nyingi gari hutulia baada ya kutolewa. Ni kweli, na likitulia moja kwa moja basi huenda thamostati ilikuwa imekwama ikiwa imefunga. Lakini hata rejeta iliyoziba nusu huonekana imepona kwa safari fupi, kwa sababu injini sasa inaanza kupanda joto kutoka chini zaidi. Ugonjwa umesogezwa mbele, haujatibiwa. Aidha, kwenye injini nyingi thamostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Wala haichukui muda kuipima. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uwashe jiko. Yenye namba 82 inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo, na maji yanapokaribia kuchemka iwe imeachama. Isipoachama, nunua nyingine, usiache pengo.

Kifaa kinachosahaulika zaidi ni mfuniko wa rejeta. Wenye alama ya 0.9 unaruhusu shinikizo kupanda hadi maji matupu ya Dar es Salaam yavumilie takriban nyuzi 118 kabla ya kuchemka. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati swichi ya feni yenyewe inasubiri hadi karibu 93. Yaani mpira wa mfuniko ukichakaa, gari linaweza kurusha maji feni ikiwa ndiyo kwanza inaanza kazi, huku kila kitu kingine kikiwa salama. Na maji yakipungua sana, mshale wa dashibodi unaweza hata kushuka, kwa kuwa sensa imebaki kwenye mvuke. Mshale uliotulia si ushahidi kama maji hayajaangaliwa.

Wapo watakaosema gari kuukuu halina ugonjwa mmoja. Sawa, na ndiyo maana mpangilio ni muhimu: anza na upotevu wa maji, kwa sababu upungufu huo huigiza dalili za feni, pampu na rejeta kwa pamoja. Kama maji yanapungua na hakuna panapovuja, subiri asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa. Mapovu yasiyokoma yanayopanda injini ikiwa bado vuguvugu ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi. Hapo hedi inashuka. Lakini kubadilisha gasketi peke yake hakutoshi: ilazwe rula ya chuma juu ya hedi, kwa urefu na kwa mishazari, na fila zipitishwe chini yake. Kikomo cha Toyota kwa hedi za aina hii ni 0.05 mm. Ikizidi hapo inapelekwa kwenye mashine, na gasketi mpya isubiri.