Milima Isiyo na Maji: Kuisoma Ramani ya Marie Tharp

Ramani ya sakafu ya bahari zote za dunia, iliyotolewa mwaka 1977 na wanajiolojia Marie Tharp na Bruce Heezen pamoja na mchoraji wa Austria, Heinrich Berann, haimdai mtoto ujuzi wowote kabla ya kumkaribisha. Maji yameondolewa. Kivuli kimelazwa upande mmoja wa kila mlima, rangi ya buluu imekolea vilindini na kufifia karibu na mabara, na jicho linapanda na kushuka lenyewe.

Mtindo huu ulizaliwa na katazo. Wakati Tharp na Heezen wakitayarisha ramani yao ya Atlantiki ya Kaskazini ya mwaka 1957, vina kamili vilikuwa siri ya kijeshi nchini Marekani, hivyo ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha vina vilivyo sawa, isingeweza kuchapishwa. Tharp akachora mandhari badala ya tarakimu, kana kwamba anaitazama nchi kavu kutoka angani, na miinuko akaikuza kupita uhalisi. Kwa mwanafunzi mchanga, nashukuru ilikuwa hivyo. Kontua zingemfundisha kuhesabu kabla hajastaajabu.

Tazama katikati ya Atlantiki. Safu ya milima inateremka kutoka kaskazini hadi kusini, na kileleni mwake umepita mfereji mwembamba. Tharp aliugundua kwa kulinganisha vipimo vya mwangwi vya meli zilizokatiza bahari; Heezen mwanzoni aliupuuza kama porojo za kike. Baadaye vitovu vya matetemeko vilipowekwa kwenye ramani, vilifuata mfereji uleule. Ufuate ukizunguka Afrika hadi Ghuba ya Aden: unakutana na Bonde la Ufa. Mtoto wa Naivasha au Manyara anaishi kwenye mstari huohuo, na somo lianzie hapo.

Lakini brashi ya Berann ina kosa moja kubwa. Bahari za kusini, ambako vipimo vilikuwa haba, zimechorwa kwa uhakika uleule wa Atlantiki. Dhana na kipimo vimevaa rangi moja. Ramani ya mwaka 1957 ilikuwa na adabu zaidi: penye pengo pakawekwa kisanduku kikubwa cha maelezo. Tharp alitamani kuchora hapo nguva na meli zilizozama, Heezen akakataa. Naona Tharp ndiye aliyekuwa mwalimu bora. Nguva hao wangemwambia mtoto, bila neno hata moja, kwamba hapo bado hapajapimwa.